Si kila uyoga wa kichuguuni ni wa chunguni

MVUA ya masika ikishika kasi kando ya Ziwa Victoria, uyoga huonekana ghafla katika beseni na vikapu vya akina mama wauzao kandokando ya barabara ya kutoka Kisumu kuelekea Kakamega. Biashara hii haina ratiba kama ile ya omena au sukumawiki. Leo uyoga upo, kesho umekwisha, na mpita njia hupata dakika chache tu za kuamua iwapo atanunua au la.

Katika dakika hizo chache ndimo hatari ilimo. Uyoga wa porini, ambao Waluo huuita obuolo na Waluhya huuita obwoba, ni kitoweo kinachosubiriwa kwa hamu. Wapo wanaoapa kwamba haupitwi na nyama ya kuku. Lakini uyoga wa sumu haujitangazi. Huota katika msimu huo huo, wakati mwingine katika uwanja ule ule, na ungali mchanga huweza kumhadaa hata mtu aliyezaliwa na kukulia mashambani.

Zamani mtoto alijifunza kuchuma uyoga kwa kufuatana na nyanya yake. Alionyeshwa kichuguu chenyewe, akaambiwa ni upande gani uyoga hutokea, na akakatazwa kuugusa ule ulioota pengine. Kizazi kilichokulia Nyalenda, Manyatta au Milimani hakikupata darasa hilo. Badala yake huupiga uyoga picha kwa simu na kuiuliza programu jina lake. Taabu ni kwamba vitabu vingi vya kutambua uyoga, na picha nyingi zinazotumiwa na programu hizo, vimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Mtu aliyesimama Kondele anaweza kupewa jina la uyoga wa misitu yenye theluji.

Mfano unaofaa kulieleza jambo hili ni uyoga utoao maziwa.

Uyoga unaovuja ukikatwa

Katika misitu ya misonobari ya Ulaya huota uyoga ambao wanasayansi huuita Lactarius deliciosus. Jina hilo la pili, lenye maana ya kitu kitamu, ulipewa na mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka wa 1753. Kofia yake ni ya rangi ya machungwa, ina mistari ya duara iliyokolea zaidi, mfano wa viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe, na katikati imebonyea. Shina ni fupi, aghalabu lina vishimo vidogo vya rangi ile ile. Ukilivunja halichaniki kwa nyuzi, bali hukatika kwa mara moja kama chaki.

Chini ya kofia zipo karatasi nyembamba zilizojipanga kutoka kwenye shina hadi ukingoni. Msomaji wa Kisumu hatakosea akiziita matamvua, kwa kuwa zinafanana sana na yale ya ngege. Matamvua hayo yakikwaruzwa hutoa majimaji ya rangi ya karoti, na baada ya muda pale palipoumia hugeuka kijani, kama shaba iliyoshika kutu. Mlaji wa mara ya kwanza huweza kushtuka kesho yake akiona mkojo wake umeingia wekundu, ingawa hilo halina madhara.

Uyoga huo una ndugu wengi, na si wote walio wapole. Mmoja wao, wenye kofia ya waridi na ukingo wa manyoya kama sufi, hutoa maziwa meupe yanayochoma ulimi kuliko pilipili. Katika nchi nyingi za Ulaya huhesabiwa kuwa na sumu. Ufini na Urusi watu huuchemsha, wakayamwaga maji, kisha wakautia chumvi na kuula wakati wa baridi. Uyoga ni mmoja. Linalotofautisha ni mapishi, na mapishi hayo hayamo katika picha ya simu.

Mchumaji hodari wa huko kaskazini haanzi kwa kutazama chini. Huinua macho kwanza. Uyoga wa maziwa unaoota chini ya msonobari una pacha wake anayeota chini ya mti mwingine wenye majani ya sindano, na ule wa manyoya hupatikana penye mti uitwao betula. Mti ukishajulikana, nusu ya kazi ya kuutambua uyoga imekwisha.

Sababu ni kwamba uyoga tunaouona ni tunda tu. Kuvu wenyewe huishi ardhini kwa umbo la nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi za uyoga wa maziwa huizingira mizizi ya mti mwenyeji, zikaupa mti maji na madini, nao mti ukazilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Hakuna mti, hakuna uyoga. Wapandaji wa misonobari barani Afrika waliliona jambo hili kwa upande wake wa pili katika karne ya 20: miche ilidumaa na kugeuka manjano hadi ilipoletewa udongo wenye kuvu zake.

Kwa nini haupatikani ufuoni

Sasa atembee mtu kutoka Dunga hadi Kisian, au akate kuelekea Ahero, ahesabu miti. Ataona miembe, mikuyu, migunga, siala na grevilia. Miti hiyo haishirikiani na kuvu wa jamii ya uyoga wa maziwa. Mikaratusi ina kuvu zake, lakini hizo zina asili ya Australia kama mti wenyewe. Hata ua la saiprasi, linalopendwa sana magharibi mwa Kenya na ambalo ni mti wa majani ya kaskazini kweli kweli kwa sura, halimsaidii mchumaji: saiprasi si msonobari, na mizizi yake hushirikiana na kuvu wa aina nyingine kabisa, wasiotoa uyoga.

Misonobari iliyopandwa ipo, mathalani katika sehemu za msitu wa Kakamega, kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Kisumu. Hiyo ni miti ya kigeni, na penye miti ya kigeni huweza kuwapo kuvu wa kigeni pia. Hilo si la kufurahia tu. Uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani, Amanita phalloides wenye asili ya Ulaya, ulifika Afrika Kusini ukiwa umejificha kwenye mizizi ya miche. Kwa sababu hiyo uyoga wowote ulioota chini ya misonobari ya kupandwa haupasi kuingia jikoni kwa kutegemea mapokeo ya nyanya, nyanya hakuukuta.

Haina maana kwamba uyoga wa maziwa ni wa Wazungu peke yao. Kusini zaidi, katika misitu ya miombo ya Tanzania, upo wa aina nyingi, na wenyeji wameuchuma na kuuza tangu zamani. Uchunguzi wa vinasaba katika karne hii umeligawa kundi la zamani, na sehemu kubwa ya uyoga wa maziwa wa Afrika ya tropiki sasa huitwa Lactifluus. Mwaka wa 2003 wataalamu wawili wa Ufini, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi, walichapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, ule unaoliwa na ule unaodhuru. Pengine haikuwa bahati tu kwamba watu kutoka Ufini ndio waliovutiwa na wachumaji wa miombo: pande zote mbili walijua thamani ya uyoga unaovuja.

Lakini miombo haifiki Nyanza. Kwa Kenya, ndugu wa miti hiyo ni mrihi wa Arabuko-Sokoke, huko Pwani. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba uyoga wenye maziwa ni salama, akauchukua ushauri huo hadi ufuo wa Ziwa Victoria, amebeba ufunguo wa mlango usiokuwapo. Uyoga mzuri wa Kisumu hauna maziwa hata tone. Vipo vijiyoga vidogo mno vya kwenye majani yaliyooza ambavyo huchuruzika vikivunjwa, navyo si chakula. Watu wa ziwa, ambao wamezungushia maboma yao ua wa mnyaa na wanajua maziwa yake yanavyoweza kulidhuru jicho, hawana sababu ya kuyaamini maziwa ya kitu wasichokifahamu. Aidha, desturi ya wachumaji wa kaskazini ya kuyagusisha maziwa kwenye ncha ya ulimi na kutema ni ya watu wanaojua tayari kundi wanalolishika mkononi. Isiigwe.

Mwenyeji wa uyoga wa Nyanza

Linalofaa kuchukuliwa kutoka kaskazini si rangi wala maziwa, bali ile tabia ya kuuliza uyoga unaishi na nani. Jibu la Nyanza si mti. Ni mchwa.

Uyoga unaopendwa zaidi magharibi mwa Kenya ni wa kundi la Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka wa 1942. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawawezi peke yao kuimeng'enya miti na nyasi kavu wanazokusanya usiku. Huzitafuna, wakazishusha chini na kuzijenga kwa umbo la sega lenye mikunjo kama ubongo, kisha kuvu huota juu yake na kuzilainisha. Mchwa hula kuvu hao pamoja na sega lililolainika. Ni kilimo kamili, na kilianza hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, kabla mwanadamu hajashika jembe.

Mvua ikilowesha udongo, kuvu hutuma tunda lake kutoka kwenye sega hadi juu, na safari hiyo ndiyo inayouacha uyoga na alama zake. Kwanza, kofia changa ina ncha iliyochongoka na kukazana katikati, kama ncha ya mkuki, kwa ajili ya kuutoboa udongo mgumu. Uyoga ukishafunguka, ncha hiyo hubaki kama chuchu katikati ya kofia. Pili, shina haliishii usawa wa ardhi. Huendelea chini kwa umbo la mzizi mrefu, ambao si mzizi wa kweli, hadi ndani kwenye sega. Wakati mwingine mzizi huo huupita urefu wa shina mara kadhaa. Tatu, matamvua hayakushikana na shina, ni meupe, na uyoga unapokomaa huingia rangi ya waridi hafifu. Hayawi kijani kamwe.

Anayeutaka uhakika achimbe. Ashike jembe dogo au panga, aufuate mzizi polepole bila kuung'oa uyoga kwa kuuvuta. Ukimfikisha kwenye ufa wa kichuguu au kwenye sega, amekutana na mwenyeji wake. Shina likiishia kwenye kitunguu kilichovimba karibu na juu ya udongo, au likatoka na kitu mfano wa kikombe au mfuko uliochanika, aache papo hapo na anawe mikono.

Kuna aina moja inayoivunja kanuni ya mzizi, nayo ni ya kuelezwa kwa kuwa huliwa sana. Ni ile midogo, yenye kofia isiyozidi sana ukubwa wa kifungo cha shati, inayochomoza kwa mamia kama mchele uliomwagwa. Mchwa huvitoa nje vipande vya sega na kuvitandaza karibu na uso wa ardhi, na uyoga huo huota juu ya vipande hivyo. Hauhitaji mzizi mrefu kwa sababu haukutoka mbali. Hapa kinachotambulisha ni wingi wake, ncha yake ndogo, na chembe za sega zilizo chini yake. Asiyeuzoea afadhali awaachie wanaouzoea.

Unaofanana nao

Mshindani mkubwa wa uyoga wa kichuguu ni uyoga mwingine mkubwa, mweupe, mzuri wa kutazama, wenye vigaga vya kahawia juu ya kofia. Jina lake la kisayansi ni Chlorophyllum molybdites. Huota kwenye nyasi za viwanja vya shule, makanisa na hoteli, mara nyingi kwa duara, na huweza kuota hata karibu na kichuguu, jambo linalowaponza wengi. Shina lake lina pete inayoweza kusogezwa juu na chini, na chini limevimba bila kuwa na mzizi.

Hila yake iko katika umri. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe pepe. Ukikomaa hugeuka kijani cha kijivu, lakini watu hupenda kuchuma uyoga mchanga kwa sababu ni laini. Anayeshuku aikate kofia iliyokwisha kufunguka, ailaze matamvua yakitazama chini juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi, aifunike kwa bakuli na kuiacha usiku kucha. Asubuhi vumbi la vijimbegu litakuwa limechora alama. Vumbi la uyoga wa mchwa ni la waridi hafifu. La mshindani wake ni kijani. Hata hivyo alama ya waridi peke yake haimtoshi mtu kuwasha jiko, kwa kuwa zipo aina nyingine zenye sumu ambazo vumbi lake ni la waridi vile vile. Alama hiyo hukataa uyoga mbaya. Haiupi mzuri cheti.

Vipimo vingine vinavyosimuliwa vijijini na mijini havifai kitu. Sarafu au kijiko cha fedha hakigeuki kuwa cheusi kwa ajili ya sumu ya uyoga. Kitunguu hakibadilishi rangi. Konokono, funza na hata mbuzi huweza kula kinachomuua binadamu. Rangi kali haimaanishi sumu, wala weupe haumaanishi usalama. Tumekwisha kuuona mweupe ulivyo. Kuchemsha kunaupunguza ukali wa baadhi ya uyoga, lakini sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa moto, kwa chumvi wala kwa kukaushwa juani.

Tatizo kubwa zaidi limo sokoni. Muuzaji mwenye nia njema huusafisha uyoga ili upendeze: huukata mzizi, akaufuta udongo, akautenganisha na kofia zilizochakaa. Kwa kufanya hivyo huutupa ushahidi wote. Mnunuzi wa Kibuye anayeletewa kofia tupu zilizooshwa hana la kutazama ila rangi ya matamvua na ncha ya katikati. Ni haki yake kumwuliza mama anayeuza kama anao uliobaki na mzizi wake wenye udongo, na ulichimbwa wapi. Muuzaji anayekujua anakochuma hujibu bila kusita. Na fungu lililochanganyika, lenye mwenye ncha na usio na ncha, lisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Ikiwa makosa yamefanyika, saa ndiyo shahidi wa kwanza. Uyoga wa matamvua ya kijani kwa kawaida huanza kutapisha na kuharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Mtu mzima aliyepata maji ya kutosha na matibabu mara nyingi hupona. Mtoto mdogo huweza kuishiwa maji upesi. Dalili zinazochelewa, zikaanza baada ya saa 6 au zaidi, ndizo za kutisha. Mgonjwa wa namna hiyo hutapika, akapata nafuu siku ya pili na kudhani yamekwisha, ilhali ini lake linaendelea kuharibika. Asidanganywe na nafuu hiyo. Apelekwe hospitalini pamoja na mabaki ya uyoga, mabichi kwa yaliyopikwa, hata yaliyotapikwa, yakiwa katika karatasi wala si katika mfuko wa plastiki unaoyaozesha. Wote waliokula chungu kimoja waende, si yule anayeumwa tu. Kumnywesha maziwa ya ng'ombe, dawa inayokimbiliwa na nyumba nyingi, hakuiondoi sumu na kunaweza kumchelewesha njiani.

Uyoga wa kichuguu haulimwi katika mifuko kama uyoga mwingine unaofugwa na wakulima wa Kenya, hutegemea mchwa. Vichuguu navyo vinapungua. Udongo wake ni mzuri kwa matofali na kwa kukandika nyumba, na mkulima mwenye mahindi na mikaratusi hamwoni mchwa ila kama adui wa kunyunyiziwa dawa. Kichuguu kikivunjwa na malkia wake akafa, sega hufa, na uyoga uliojulikana na ukoo mzima kwa vizazi hauonekani tena mahali pale. Ule wa matamvua ya kijani hauhitaji mchwa wala mti. Nyasi zikipandwa palipokuwa na kichuguu, na mvua ikanyesha, huota bila taabu.